Halikulipuka, Lilitapika Tu

Kwanza nifute uongo. Shemeji yangu ameshaituma ile video aliyonipiga nikiwasha gari langu la zamani kwenye kila grupu la ukoo, kuanzia hapa Reading, Uingereza, mpaka Tanga, na kichwa cha habari ameweka yeye: "Gari la bwana mkubwa lalipuka siku ya Idi." Jamani, halikulipuka. Lilitapika. Kuna tofauti, na mafundi mliomo humu mnaijua.

Gari lenyewe mnalijua, maana nimewachosha nalo majira yote ya baridi. MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, kazi ya kiwanda cha Abingdon, chini ya mwendo wa saa moja kutoka hapa kwangu. Injini ya cc 1798, kabureta mbili za SU za kuchanganya hewa na petroli, betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na umeme wa kinyumenyume: chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Habari ya umeme nilimweleza mama mkwe huku anakula maandazi. Akanijibu, "Hongera, baba," kwa sauti ile anayopewa mtoto aliyechora ng'ombe.

Injini niliifungua yote. Beringi mpya, ringi mpya za pistoni, valvu nikazisaga, nikaifunga mwenyewe. Usiku wa kuamkia Idi nikatoa plagi zote nne, nikazungusha stata mpaka mshale wa presha ya oili ukanyanyuka. Chini hakukuwa na tone. Nikalala usingizi mnono.

Sasa ramani ya eneo la tukio. Gari liko mbele ya nyumba, pua inatazama barabarani, na pale kwetu ni mteremko. Chini ya mteremko, kwa vile ndipo palipokuwa na jua, umetandikwa mkeka. Katikati ya mkeka, sinia la pilau. Pembeni ya mkeka, viatu vya wageni. Kuzunguka sinia, watoto, mashangazi na mama mkwe, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuja kututembelea. Mimi natoka kuswali, nimo ndani ya kanzu nyeupe. Mke wangu alisema nivae ovaroli. Naliandika hapa ili aache kulirudia.

Nikampandisha mpwa wangu kwenye kiti cha dereva, nikampa kazi mbili: atazame mshale wa oili, na asiguse ufunguo. "Ukigusa ufunguo, mkono wa Idi huuoni."

Nikavuta choki, nikawasha. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mlio ule! Vigelegele vikapigwa. Mshale wa oili ukapanda, ukapita paundi 60 za presha. Mtu mwenye akili angezima pale, akala pilau.

Lakini mimi nilikuwa na hadhira. Kabureta za SU lazima zilinganishwe, na ulinganishaji wake wa kienyeji ni huu: unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaitia sikioni, nyingine unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza hewa inavyovuma. Unahamia ya pili. Unarekebisha mpaka zivume sawa. Sikio la pili unaliziba kwa kidole, usisumbuliwe. Basi nikainama ndani ya boneti, macho nimefumba, kama daktari bingwa.

Kabureta za gari hili ziko kushoto mwa injini. Filta ya oili iko kulia. Shikeni hapo hapo.

Nikasikia kelele. Kwa mtu aliyeziba masikio yote mawili, "Oili! Oili!" na "Hoyee! Hoyee!" havina tofauti hata kidogo. Nikainua dole gumba. Kelele zikazidi. Nikaona niwaridhishe, nikaongeza moto.

"Mjomba, mshale umelala!"

"Safi!"

"Umelala kabisa!"

"Safi sana!"

Huko kulia ilikuwa hivi. Filta ya modeli hii imo ndani ya kopo la chuma linaloning'inia, limebanwa na bolti moja ndefu, na juu kabisa, ndani ya mfereji usioonekana, kuna mpira wa umbo la pete, wa kuzuia oili isivuje. Ule wa zamani ulikuwa bado umejibanza mle, umekauka, rangi moja na chuma. Mimi nikaweka mpya juu yake. Stata ilipozungusha usiku, ile presha ndogo ikavumilika. Injini ilipowaka kweli, pampu ikaanza kuwapelekea wageni wangu oili nzito ya injini, 20W-50, zaidi ya lita 4, bila haraka, kwa adabu zote. Kwenye video mnaiona inafika kwenye kiatu cha kwanza, inasita, inakizunguka, inaendelea na cha pili. Shangazi mmoja akanyakua sinia. Pilau haikuguswa, hilo nalo ni uongo wa shemeji. Yeye hakunyanyua kitu. Alikuwa anasogeza kamera karibu.

Aliyesimama ni mama mkwe. Miguu mitupu, khanga kaikusanya kwa mkono mmoja, akapanda mteremko ndani ya ile oili hatua kwa hatua, akafungua mlango, akazima. Mimi nikageuka, mpira bado uko sikioni.

"Baba," akasema, "imeshamaliza kujisaidia."

Nikakimbia kumwomba radhi. Habari ya kanzu ndiyo hiyo, msiulize zaidi.

Mengine mafupi. Mchanga wa choo cha paka wa kunyonya oili, mifuko kwa mifuko. Taulo nzuri za mke wangu zikatumika kuziba mfereji wa barabarani. Mzee Mwingereza wa jirani akaja na sindano ya kushonea, akauchokoa ule mpira wa zamani, akanikabidhi bila neno. Beringi nimezikagua, ziko salama. Viatu nimelipa.

Mpwa wangu kaja jana kuchukua mkono wake wa Idi. Ufunguo hakuugusa. Kisha akanidai na wa kutazama mshale, maana, kwa maneno yake, taarifa alitoa.