Chungu Kwenye Kapu

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua daftari dogo nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka nyumbani kwetu kwa ajili ya tumbo. Tuko watu saba: mimi, mume wangu, watoto wanne, na mdogo wangu anayesoma chuo. Tunakaa Mikindani. Kukicha kila mtu anashika njia yake. Mimi nafundisha sekondari Mtwara mjini, mwenzangu yuko kwenye shughuli za bandarini, watoto shuleni. Nilidhani daftari litaniambia kwamba mchele na samaki ndio wanaotumaliza. Kumbe mandazi. Mandazi mawili mawili ya shilingi 200 kwa watu saba ni shilingi 2,800 kwa asubuhi moja. Kwa siku 26 ni 72,800. Ongeza chipsi ninazozipitia njiani jioni tatu kwa wiki kwa sababu nimechoka na mkaa haujawashwa, ongeza na juisi za pakiti. Nilipojumlisha, mchele wa mwezi mzima ulikuwa chini kabisa ya hesabu hiyo.

Sina ugomvi na mama anayekaanga mandazi pale kona. Ada za wanawe zinatoka kwenye lile karai, na mpaka leo nanunua kwake Ijumaa. Ninachosema ni kwamba nyumba zetu za Kusini hazijakosa chakula rahisi. Zimekosa matayarisho. Tunaingia jikoni saa 1 usiku mikono mitupu, njaa imeshashika, watoto wanasinzia kwenye mkeka, na hapo hakuna namna, pesa lazima itoke.

Mama mkwe wangu yuko Newala na sijawahi kumwona akihangaika jioni. Kwake chakula cha Jumanne kinaanza Jumamosi. Darini ana makopa, yaani muhogo mkavu, kwenye madumu ana mbaazi na njugu mawe, ukutani pilipili kavu, na juu ya moshi kuna ng'onda, samaki wa kukaushwa. Kule uwandani maji ni ya shida, kwa hiyo hata maji ya kuoshea mbaazi yana pa kwenda: yanamwagwa kwenye mchicha. Mwanzoni mwa ndoa yangu niliona yale ni maisha ya kizamani ya watu waliokosa duka karibu. Nilikosea sana. Yule mama anapika kwa watu kumi bila kukimbia, mimi niliyezungukwa na maduka ndiye niliyekuwa nakimbia.

Nianze na mbaazi, maana ndizo zilizonibadilisha. Wengi huku tunaukumbuka mwaka 2017. India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha kiasi inachoagiza kutoka nje, na bei ikaporomoka vibaya. Magunia mawili ya mama mkwe yalibaki chumbani. Sitaita ile neema; kuna watoto wa mashemeji zangu waliokosa ada kwa ajili ya magunia yale. Lakini mwaka ule alitugawia, nikajikuta nina mbaazi kavu nyingi na sina muda wa kuzipika. Mbaazi kavu zinakula mkaa. Ukiziweka jikoni bila kuzilowesha, unaweza kukaa saa mbili unapepea na bado zinagonga meno.

Mwaka huu ndipo mwalimu mwenzangu aliponionyesha jiko la kapu, kapu linaloshika joto la sufuria ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Nalieleza taratibu, maana ndilo lililoiokoa nyumba yangu.

Tafuta kapu la ukindu lenye mdomo mpana, ambalo sufuria yako itaingia na kubakiza nafasi ya kiganja kizima kila upande. Chini weka mto. Mimi nimeshona mito miwili ya sufi. Msufi tunao jirani, na maganda yakipasuka watoto wanaokota bure. Pembeni zungushia khanga kuukuu na kipande cha blanketi, ukishindilia pasibaki pa kupitisha hewa. Mbaazi zilowekwe usiku kucha. Alfajiri ninaziosha na kuziweka jikoni kwa maji mapya, kitunguu na chumvi kidogo, zinachemka kwa nguvu kama nusu saa na kifuniko kikiwa juu. Hapo sufuria inatoka jikoni moja kwa moja, inaingia kapuni ikiwa bado inatokota, mto wa pili unakaa juu, khanga inafungwa fundo. Basi. Tunaondoka.

Binti yangu wa darasa la saba akirudi saa 8 mchana anafungua. Mara ya kwanza alinipigia simu akipiga kelele za furaha: “Mama, bado zinatoa moshi!” Na zimeiva, zimelainika bila kupasuka, mchuzi wake mzito kama umepikwa na mtu aliyekaa nao siku nzima.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Sufuria iwe imejaa karibu na juu; chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa haraka. Usikiache kapuni mpaka usiku, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu kwa joto letu hili la pwani kinachacha. Kikifunguliwa kirudishwe jikoni kichemke kabla ya kuliwa. Na kama unapika maharage mekundu, lazima yachemke kwa nguvu kweli ile nusu saa, maana yakipata moto mdogo tu yana sumu inayotapisha na kuharisha.

Tui halimo kapuni. Nilijifunza hilo kwa hasara, sufuria nzima nikaimwaga. Sasa mbaazi zinaivishwa bila tui, halafu ninachota za mlo ule tu na kuzitia tui. Zilizobaki zinachemshwa tena na kufunikwa vizuri, na kesho asubuhi zinakutana na muhogo wa kuchemsha. Hiyo ndiyo staftahi yetu siku hizi, na daftari linaonyesha tofauti.

Watu hunijibu kwamba tuna gesi, Mtwara ndiyo mkoa wa gesi, kwa nini nihangaike na makapu. Gesi ya Mnazi Bay, kama ile ya Songo Songo kule Kilwa, ni gesi asilia. Inakwenda zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Ya kwenye mtungi wako ni nyingine, inaletwa na meli kutoka nje, na bei yake inapanda na kushuka na mambo ya huko. Mimi nina mtungi na ninaupenda. Kwa kapu, mtungi uleule unakaa karibu mara mbili ya zamani.

Sasa muhogo, na hapa nina jambo linaloniuma. Mwanangu wa tatu alirudi siku moja akasema hataki tena ugali wa makopa, wenzake wamemwambia ni chakula cha watu wasio na kitu. Mtoto wa Kimakonde, Mtwara hii hii! Nilikaa naye barazani nikamwambia babu zake wameuvuka ukame mwingi kwa chakula hicho, na kwamba ugali ule mweusi kidogo, laini, ukipata kisamvu cha nazi au mchuzi wa ng'onda, sijui sembe gani ingeweza kusimama mbele yake. Sijui alinielewa kiasi gani. Lakini najua aibu ile hawakuizua watoto. Wameisikia kwetu, tunapoficha makopa mgeni akija na kukimbilia mchele wa mkopo.

Ila heshima kwa muhogo ni pamoja na kuutengeneza sawasawa. Muhogo mchungu una sumu, na kupunguza gharama kusiwe kupunguza siku za kuukausha. Mkoa wetu umeshaona konzo, mwanzoni mwa miaka ya 2000: ugonjwa unaopooza miguu ghafla na haurudi nyuma, unaowapata hasa watu wanaokula muhogo mchungu ulioharakishwa, siku baada ya siku, bila kitoweo chenye protini. Njaa ikibana ndipo watu hufupisha kazi, na ndipo hatari inapokuwa kubwa.

Kwa unga ambao sina uhakika nao ninafanya hivi. Naumimina kwenye beseni, nausawazisha, naweka alama mahali ulipofika. Naongeza maji huku nakoroga. Unga unashuka kwanza, halafu unapanda, na ukirudi kwenye ile alama naacha. Nautandaza kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Jioni ileile nasonga ugali, haulazwi. Ni kazi ya dakika kumi tu, na mkeka tunao kila nyumba.

Ming'oko, vile viazi vya porini, nitaitaja kwa kifupi, maana haihitaji wakili. Inachimbwa porini, inachemshwa na maganda yake, unamenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili ya unga. Nikipita Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, nikiikuta sirudi nyumbani bila mafungu mawili. Watoto huila wakifanya kazi za shule, na jioni hiyo hakuna anayekumbuka biskuti.

Korosho ndiyo hesabu inayoniumiza kichwa zaidi. Sehemu kubwa ya korosho zetu inasafirishwa ghafi, India na Vietnam, na msimu ukifunguliwa kila gunia linakimbizwa ghalani. Sawa, ni zao la biashara, ndilo linalojenga nyumba na kulipa ada. Lakini nyumba yenye mikorosho mia moja inawezaje kukosa kilo tano za kula? Ninaomba tu kwamba kabla ya mzani, kuna debe la nyumbani. Asiye na shamba kama mimi anunue vipande kwa kina mama wanaobangua mitaani. Zikivunjika bei yake huwa chini sana na utamu ni uleule. Navitwanga kwenye kinu mpaka vitoe mafuta, natia kwenye mchicha au kisamvu siku ambayo nazi imepanda bei, na uji wa ulezi wa mtoto wa mwisho unapata kijiko kimoja kila asubuhi. Kuzibangua mwenyewe sikushauri kama hukuzoea. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake si wa kuvutwa na watoto.

Mabibo je? Msimu mzima yanaoza chini ya miti huku tunanunua maji ya rangi. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Najua, lina ukakasi unaokaba koo. Kamua, tia uji mwepesi wa mchele uliopoa, koroga, acha utulie, kisha chuja kwa kitambaa. Ukakasi unashuka na uji, juu inabaki juisi safi. Inyweke siku hiyohiyo, kwani haichelewi kuumuka ikawa kileo.

Haya yote yanahitaji mikono, na mikono isiwe ya mwanamke peke yake. Hapo ndipo nisiporudi nyuma hata hatua moja. Niliposema nyumba inakosa matayarisho, sikumaanisha mama ajiongezee mzigo Jumamosi juu ya kufua, misiba na harusi. Kwetu tumegawana. Mume wangu anawahi feri kununua dagaa na vibua, akirudi anakaa kwenye mbuzi na kukuna nazi. Wakubwa wanachambua mbaazi kwenye ungo na kutoa mawe, wadogo wanaanua makopa mawingu yakikusanyika. Mimi naunguza pilipili na kusaga viungo vya wiki nzima. Kazi yote inachukua saa mbili na nusu, redio ikiwa imewashwa. Mume wangu hakuanza kwa hiari, nasema ukweli. Alianza nilipomsomea daftari.

Na jioni tunazopata badala yake ni kubwa kuliko ile pesa. Saa 1 usiku sipepei tena. Mchaichai unaota nyuma ya bafu, nachuma majani machache, chai inachemka, mkeka unatandikwa barazani na upepo wa baharini unaingia. Mtoto wa mwisho analalia mto wa sufi ambao ameokota mwenyewe pamba yake. Tunakula pamoja, sinia moja, na bado kuna muda wa mtu kunisimulia siku yake ilivyokuwa. Kabla ya hapo nilikuwa nawasikia watoto wangu kwa mgongo, nimeelekea jikoni.

Mwezi wa saba mama mkwe alikuja na mbaazi mpya. Nilikuwa kazini alipofika. Niliporudi nikamkuta amefungua kapu, ameshika sufuria kwa viganja viwili, amenyamaza. Nilimwamkia, “Shikamoo mama,” akaitikia marahaba bila kuitoa mikono. Kisha akasema khanga mbili hazitoshi kwa baridi ya Newala, huko itabidi blanketi zima. Usiku ule alikaa barazani na sindano akishona mto wake mwenyewe, na mwanangu wa tatu akimchambulia sufi. Jumatatu alfajiri alichemsha mbaazi, akazifunga kwenye kapu jipya, akapanda basi nalo mapajani ili azile akifika.