Kihamba Hakifufuki kwa Bati Jipya

Miongoni mwa Wachaga waliofanyia kazi Dar es Salaam na Arusha hadi mvi zikawatoka, limeshika kasi wazo la kurudi mlimani Kilimanjaro na kukifufua kihamba cha baba, yaani ardhi ya ukoo inayoizunguka nyumba, na kuishi huko mwaka mzima badala ya zile wiki mbili za Krismasi. Wanaoliunga mkono husema kwamba mtu aliyechoshwa na foleni, na aliyeishi miaka kumi ukuta kwa ukuta na jirani asiyemjua hata jina, hupata huko kazi yenye maana na watu wa kumjulia hali. Wanaolipinga huliona kuwa anasa ya wenye viinua mgongo, inayopandisha ujira wa vibarua na kugeuza ardhi ya kulimwa kuwa viwanja vya majumba yanayofunguliwa Desemba tu. Nimekulia kwenye kihamba, na siwezi kusema kwamba upande wowote unadanganya. Ninachokiona ni kwamba wote wanabishana juu ya nyumba na shamba, na wanasahau zamu ya maji ya mfereji wa pamoja.

Kwanza ieleweke kwamba kihamba si shamba. Shamba la Mchaga liko chini tambarare, linalimwa mahindi na maharage. Kihamba ndicho kinachoizunguka nyumba, na ndicho chenye makaburi ya babu. Miruka na migrivilea hutoa kivuli juu kabisa, migomba hufuata, chini yake kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi na viazi vikuu. Ng'ombe wa zizini hulishwa majani na magogo ya migomba, kisha samadi yake hurudi shinani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wenyeji walikuwa wanalijua hilo bila kuambiwa, ila utambuzi ulikuja wakati vihamba vingi vilikuwa vimeshaanza kuchoka.

Sababu ya kuchoka huko ndiyo inayowapa wanaorudi hoja yao yenye nguvu zaidi. Kahawa ndiyo iliyosomesha kizazi cha wazazi wetu: wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaanzishwa 1933. Mpango wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka. Soko la ndani likafunguliwa katikati ya miaka ya 1990, pembejeo za mkopo zikapungua, na vijana wakaondoka. Mibuni ilibaki na wazee, ikazeeka pamoja nao. Kuirudisha kunahitaji kuikata hadi vibaki visiki na kungoja kama misimu miwili kabla ya kuvuna cha maana, au kupanda miche ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ambayo nayo humtaka mtu asubiri. Mkulima anayetegemea kahawa hiyohiyo kulipia ada za Januari hawezi kungoja. Mwenye kipato cha mjini anaweza, na kwa maana hiyo pesa ya mjini hufanya kazi ambayo kihamba chenyewe kimeshindwa kujifanyia.

Upande wa pili nao una uzito. Kihamba cha kawaida hakifiki hekta moja, na kila kizazi hukigawanya tena. Anayejenga nyumba ya vyumba sita, akatandaza matofali ya sakafu uani na kuzungusha ukuta badala ya ua wa masale, ameshakula sehemu kubwa ya kile alichosema anakuja kukifufua. Zaidi ya hapo, kihamba kinachoitwa pori mara nyingi kina mtu. Kuna jirani au binamu aliyekaa, akakata majani ya ng'ombe wake hapo, akavuna mkungu mmoja mmoja, na akafukia makaburi yalipotitia. Mwenye mali akirudi, huyu hupoteza malisho bila hata neno la asante. Hili huniuma kuliko mjadala wote wa kuta na mageti, kwa sababu jumuiya anayoitafuta mrejeaji ilikuwapo tayari, na yeye ameanza kwa kuivunja.

Mwanamke mmoja wa ukoo wetu alistaafu kazi ya ofisi Dar es Salaam akarudi Kibosho. Mwaka wa kwanza, mfongo, yaani ule mfereji wa pamoja wa maji, ulipobomoka baada ya masika, alituma pesa ya kibarua. Pesa ilipokelewa, maji yakamfikia siku ya zamu yake, lakini hakuna aliyepita kumsabahi. Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe na jembe na buti za mpira. Kimila kazi ya mfongo ilikuwa ya wanaume, na wazee wawili walisimama kando wakimtazama bila kusema. Alifyeka magugu ukingoni, akabeba vipande vya magogo ya migomba, akasaidia kuvikandamiza kwa udongo mahali palipomeguka, matope yakimfika magotini. Mchana kata ya mbege, pombe ya ndizi, ilizunguka, ikamfikia. Aliyempa ni yule binamu aliyekuwa akikata majani kwake. Walikuwa wamekubaliana kwamba aendelee kukata, naye ampe samadi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu la mabishano haya, ingawa halimpendezi kila mtu. Maana anayoizungumzia mrejeaji haitoki kwenye hewa safi wala mandhari ya kilele cha Kibo asubuhi. Inatoka kwenye kudaiwa: kudaiwa nguvu kwenye mfongo, kudaiwa kuni na ndizi kwenye msiba, kudaiwa kuwapo. Asiyetaka kudaiwa atakuwa mpweke mlimani kama alivyokuwa mjini, na majirani watabaki na hasara.

Lakini nisimpambe mama huyu kupita kiasi, maana jambo lake halijaisha. Kaka zake wanashikilia kwamba kihamba ni cha wanaume wa ukoo, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na kukataa mila inayomnyima. Hadi sasa hawajakubali jina lake liandikwe kwenye hati ya haki miliki ya kimila, na baraza la ukoo limeshaahirishwa mara mbili. Yeye hakungoja. Amekata mibuni yote ya upande wa juu, visiki vimechipua, na juma lililopita nilimkuta akipunguza machipukizi, akibakiza mawili au matatu yenye nguvu kwa kila kisiki.