Mtoto wa miaka miwili hahitaji rangi 24

Kila Januari maduka ya vifaa vya shule Kariakoo hufurika, na katika mifuko inayotoka pale huwamo pia vitu vya watoto ambao hata chekechea hawajaanza. Mzazi amekuja kununua madaftari ya mkubwa, na ili mdogo naye asijione ameachwa, anachukuliwa boksi la penseli za rangi 24 na kitabu cha kupaka rangi chenye picha za katuni. Nia ni njema kabisa. Ila kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, naona pesa hiyo imepotea bure.

Mwangalie anavyoshika penseli. Anaikamata kwa ngumi, ncha ikitazama chini, kama anayetwanga. Kiwiko kiko juu, na mwendo wote unatoka begani. Penseli nyembamba ikishikwa hivyo huteleza. Ili itoe rangi, mtoto lazima aikandamize, na akiikandamiza ncha inavunjika. Mama anachonga, inavunjika tena, mtoto anaitupa na kurudi kwenye masufuria yake. Kisha tunasema huyu hapendi kuchora. Anapenda sana! Tumempa kifaa cha mkono wa mtoto wa darasa la kwanza.

Krayoni nene, ya unene wa kidole gumba cha mtu mzima, huacha rangi hata ikigusa karatasi kidogo tu, na haihitaji kuchongwa. Nne zinatosha: nyekundu, bluu, kijani na nyeusi. Ukimpa boksi zima atazimwaga, atazirudisha, atazimwaga tena. Huo nao ni mchezo mzuri, lakini kuchora hakutaanza.

Pale ambapo sisi hubana matumizi ndipo ningependa tufungue mkono, yaani kwenye karatasi. Bega linalozunguka halienei kwenye ukurasa wa daftari, ndiyo maana mchoro huishia mezani au ukutani, na mtoto huambulia kufokewa. Chukua manila nzima, au nyuma ya kalenda ya mwaka jana, au boksi la televisheni ulilolipasua. Bandika pembe zote nne sakafuni kwa selotepu, kwa sababu ule mkono wa pili bado haujajifunza kushikilia karatasi wakati mwenzake anafanya kazi. Ukienda pale mtaani wanapotoa fotokopi, omba karatasi zilizoharibika upande mmoja. Mara nyingi hutupwa tu.

Hivyo vitabu vya kupaka rangi, kwa umri huu mimi sivitaki. Mtoto huanza kuchorachora mwenyewe karibu na mwaka mmoja na nusu, na duara lililofungwa huliweza akikaribia miaka mitatu. Kati ya hapo anafanya kazi kubwa inayoonekana kwetu kama vurugu. Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo kule San Francisco, alikusanya michoro yao kwa miaka mingi na akatambua aina 20 za mikwaruzo ya msingi: nukta, mistari ya kusimama, ya kulala, ya kuzunguka. Mtoto anayepitia hatua hizo ukimpa picha ya sungura aliyekwisha chorwa na mtu mwingine, ukamwambia asivuke mstari, unamfundisha kwamba amekosea kabla hajaanza. Na jamani, akishika krayoni kwa kushoto, mwacheni. Mkono anaoupendelea bado unajitafuta, na kumpiga kiganja hakumsaidii kitu.

Kuna jambo moja nisilolilegezea kamba: kitakachofika mkononi kitafika mdomoni. Tazama kwenye boksi kama kuna duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limekatwa kwa mstari. Maana yake kifaa hicho si cha walio chini ya miaka mitatu, na mara nyingi sababu ni vipande vinavyoweza kumpalia. Kama huna uhakika, chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha: kinachopita ndani yake chaweza kumkaba, kwa hiyo vipande vya krayoni iliyovunjika navyo viondolewe. Maka peni zenye harufu kali ziwekwe kabatini.

Rangi za mafuta za kupakia milango na mageti zisikaribie kabisa. Edward Saidi Tingatinga alizitumia rangi za namna hiyo Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, akatuachia sanaa tunayojivunia mpaka leo, lakini yule alikuwa mtu mzima. Baadhi ya rangi hizi, hasa za manjano na nyekundu, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi anayoimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Akitaka kupaka kwa vidole, pika uji mweupe mzito, uache upoe, kisha changanya na maji ya bitiruti. Unapaka vizuri, na akilamba amelamba uji. Siku ya chapati mkatie donge, aligonge, alivute, alitoboe, ukiwa umekaa naye. Ule unga wa kuchezea unaokandwa kwa chumvi nyingi ili usioze, usimwachie peke yake hata kidogo, maana akimeza bonge la chumvi ataumwa kweli.

Shangazi na wajomba mnaouliza mje na zawadi gani: njooni na krayoni nne nene na manila kumi. Boksi la rangi 24 mtunzieni, mlete akianza shule.