Bahari Kuwa Kijani Si Ushahidi

Nimetumiwa video ya kampuni moja inayorutubisha bahari kwa chuma na kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya tani za kaboni zinazodaiwa kuondolewa hewani, na tangu niitazame sijatulia. Picha ya setilaiti inaonyesha doa la kijani katikati ya maji ya samawati, msimulizi anatangaza kwamba bahari imeanza kuponya dunia, na kabla hujavuta pumzi unaonyeshwa namna ya kulipa.

Wazo la kurutubisha bahari kwa chuma si la kipuuzi. Mnamo 1988 mwanasayansi John Martin alitania kwamba akipewa shehena ya chuma ya kujaza nusu meli angeirudisha enzi ya barafu, na majaribio ya miaka ya 1990 katika Pasifiki yalionyesha kwamba maji yenye upungufu wa chuma yakitiwa kidogo tu, mimea midogo sana ya baharini hustawi kwa wingi na kufyonza kaboni. Hapo ndipo wauzaji wanapofunga daftari. Kaboni hiyo haijahifadhiwa mpaka izame kilindini, kwani mimea ikiliwa karibu na uso wa maji, sehemu kubwa ya kaboni hutolewa tena kwa pumzi za walaji. Mwaka 2009 wanasayansi wa India na Ujerumani walirutubisha eneo la takribani kilomita za mraba 300 katika Bahari ya Kusini. Mimea ilistawi, viumbe wadogo jamii ya uduvi wakaifyeka, na kaboni iliyozama ikawa haba, kwa sababu maji yale hayakuwa na silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) ya kutosha kulisha diatomu, aina ya mimea hiyo midogo ambayo maganda yake magumu huikinga isiliwe ovyo. Kijani kilikuwepo, tena cha kupendeza pichani.

Nakiri, shingo upande, kwamba njia nyingine, ya kupunguza tindikali ya bahari kwa unga wa mawe au chokaa, ina msingi imara zaidi, kwa kuwa kaboni ikigeuka bikaboneti, yaani chumvi iliyoyeyuka majini, hukaa humo maelfu ya miaka. Hata hivyo, mawe hayajichimbi wala hayajisagi, na chokaa huchomwa kwa moto unaotoa kaboni ileile, bila kuhesabu ile inayotoka kwenye jiwe lenyewe.

Utafiti na uendelee, hata baharini. Ninachokataa ni kuuza tani ambazo hakuna aliyezipima. Niliiandikia kampuni ile kuuliza ni kiasi gani cha kaboni kilivuka kina cha mita 1,000. Walinijibu kwa adabu, wakaambatisha picha ileile ya setilaiti.