Ushauri wa Sera Mtumba: Tatizo Si Uhaba wa Wataalamu

Kila Juni, Hotuba ya Bajeti ikishasomwa bungeni hapa Dodoma, lawama huwa ileile: Serikali haisikilizi wataalamu. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Wataalamu wapo tele. Kila wizara pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ina watu wake wa sera na mipango, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapahapa jijini, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo cha Mipango haviko mbali, na Tume ya Mipango imerudishwa kwa sheria ya 2023. Ushauri hautolewi kwa uchache, unapunguzwa njiani.

Ofisa huanza na dokezo, yaani andiko fupi la ushauri. Linapanda kwa mkurugenzi, kwa Katibu Mkuu, hadi kwa Waziri. Jambo likihitaji uamuzi wa Serikali nzima, huandaliwa Waraka wa Baraza la Mawaziri. Wizara nyingine hutoa maoni, Makatibu Wakuu huuchambua chini ya Katibu Mkuu Kiongozi, ndipo unafika Barazani. Kila ngazi inafupisha. Na kinachokatwa mapema si takwimu, ni mashaka: “iwapo mvua zitatosha”, “bei ya nje ikibaki ilivyo”. Baada ya hapo hutoweka sentensi inayotaja nani ataumia.

Ufupishaji wenyewe hauna ubaya. Waziri mwenye majalada lukuki mezani hawezi kusoma ripoti ya kurasa themanini, na mtafiti asiyeweza kusema jambo lake kwa kurasa mbili mara nyingi hajalielewa bado.

Chukua ushuru wa mafuta ya kula, jambo linalogusa Singida na Dodoma moja kwa moja. Mwaka 2018 ushuru ulipandishwa hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, ili kumlinda mkulima wa alizeti. Ukiisoma haraka, hatua hiyo inamfaa mkulima. Lakini zimo namba mbili, na kila moja ina mwenyewe. Pengo kati ya ghafi na safi humnufaisha mwenye kiwanda cha kusafisha mawese yanayoletwa kutoka Malaysia na Indonesia. Mkulima wa Iramba na mwenye mashine ndogo ya kukamua, anayetegemea pia kuuza mashudu (makapi ya alizeti iliyokamuliwa), wanategemea zaidi kiwango cha ghafi. Dokezo linalosema tu “ushuru upandishwe kulinda viwanda vya ndani” limewaweka kapu moja watu ambao maslahi yao yanagongana.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Bei za mafuta zilipopaa duniani mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine, mama lishe wa Majengo hapa Dodoma hakuwa na haja na nadharia ya kulinda viwanda. Alitaka lita ishuke bei. Msimu uliofuata wakulima wakalalamikia bei ya alizeti kuporomoka. Hakuna ushauri ambao ungewaridhisha wote wawili. Ushauri mzuri ungemwambia Waziri mapema, kwa namba, kwamba ahueni ya huyu inalipwa na nani, na kwa muda gani.

Badala yake, jedwali la machaguo ndani ya waraka huwa na mistari mitatu: kutofanya chochote, jambo lisilowezekana, na lile ambalo mkubwa ameshaonyesha kulipenda. Hilo si jedwali la kuamulia, ni la kuhalalishia. Anayeliandaa si lazima awe mwoga. Mara nyingi ameagizwa leo, na waraka unatakiwa kesho.

Kalenda nayo inakwamisha. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka, na mapendekezo ya kodi hukusanywa kipindi hichohicho. Ushuru wa forodha lazima pia upite kwa mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki kabla ya Julai 1. Utafiti unaofika Aprili, hata uwe bora namna gani, umechelewa. Huku kwetu alizeti hupandwa Desemba na Januari, ikavunwa kuanzia Mei. Ushuru unatangazwa mkulima akiwa ameshaweka jasho lake lote ardhini.

Je, tuanike madokezo hadharani? Hapa ninasita. Ofisa anayejua jina lake litasomwa gazetini kesho ataandika kwa kujikinga, na ushauri wa kujikinga ni mbaya kuliko wa siri. Ila siri hiyohiyo ndiyo inayoficha uzembe: pendekezo likishindwa, hakuna anayejua kama Waziri alionywa au hakuonywa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia mlango, wenye vizuizi vyake.

Njia ninayoiona ni kuacha dokezo libaki siri hadi uamuzi utolewe, kisha zitolewe kurasa moja au mbili za wazi: machaguo yaliyopimwa, gharama ya kila moja, kundi lililotarajiwa kuumia, na dhana zilizotumika kuhusu mvua na bei. Majina ya maofisa yabaki ndani. Wabunge wa kamati wangepata cha kuulizia Juni ya mwaka unaofuata, na mwenye mashine ya kukamua pale Singida angejua mapema kama anunue alizeti ya kuweka ghalani au angoje.