Nyumba ya Mawe, Mfuko Mtupu

Baada ya alasiri mjomba aliniita barazani kwake, Mkomani, mjini Lamu, nimsaidie kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa simu. Tulikwenda vizuri mpaka likaja swali la kuta: za nini?

Akanitazama. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene hasa, alizojenga babu wa babu yake. Zidaka za ukutani zimebaki na vikombe viwili. Boriti za dari zimelegea, moja imeegemezwa mti wa mkoko. Mjomba ni mvuvi.

"Nikisema mawe, si wataniona tajiri?"

Hofu yake ina msingi. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali ya namna hii, kipato chake kikakisiwa, na hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wanaoutetea mpango hukumbusha kwamba NHIF ilikuwa 500 kwa mwezi kwa kila asiye na mshahara, na kwamba mwenye nacho achange zaidi. Hapo sibishani nao.

Ninalobisha ni kipimo. Huko bara nyumba ya mawe huenda ikawa dalili ya pesa. Hapa Amu, yaani Lamu, ni urithi tu. Mji wetu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, wageni hupiga picha mlango wa mjomba kila siku, na hakuna picha iliyomnunulia hata panadol. Namjua mtu wa Mokowe anayelala banda la mabati na ana boti tatu.

Halafu mchango wenyewe unatakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwezi wa sita na wa saba, kusi likivuma, dau liko mchangani na mjomba anashona nyavu. Pesa zake huja na kaskazi. Siku hizi kuna mkopo wa kulipia bima kidogo kidogo, sawa, lakini deni halingoji upepo ugeuke.

Afya iligatuliwa 2013. Basi kaunti nazo zipewe nafasi ya kutia maswali yao: una chombo? Ni chako au cha tajiri? Kusi unakula nini?

Nilimwambia mjomba anaweza kungoja. Akatikisa kichwa.

"Andika mawe. Nyumba ya babu yangu siikani."

Nikaandika. Swali lililofuata likawa la choo.