Sheria za kijiji zikae katika daftari moja

Kijijini kwetu, Busia upande wa Uganda, ukiuliza faini ya mbuzi aliyeingia shamba la mtu, jibu litategemea uliyemuuliza. Mzee atakutajia ile ya enzi za RC, jina la zamani la mabaraza yetu ya mitaa. Katibu atapekua daftari lake la mikutano. Chemani, yaani mwenyekiti wa kijiji, atakutazama kwanza ajue wewe ni mtoto wa nani, ndipo ataje bei. Huko kutazamana ndiko kunakonikera, na ndiko kunakonifanya niseme sheria zetu ndogo zote zikusanywe mahali pamoja.

Wapo wanaodhani ni kazi ya kuchapa tu, tumpe kijana mwenye kompyuta amalize. Kabla ya kuchapa kuna kuchambua, na kwenye kuchambua watu watagombana. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inakiruhusu kijiji kujitungia sheria ndogo, mradi zisipingane na Katiba, sheria za Bunge, sheria za wilaya wala za mabaraza ya juu yake. Tena baraza la kijiji si wale watu kumi wa kamati. Ni sisi wakazi wote tuliotimiza miaka 18. Basi kila amri iulizwe: nani aliipitisha, katika mkutano upi? Nyingi zitakwama papo hapo. Tukumbuke kuwa kati ya 2001 na 2018 hapakuwa na uchaguzi wa LC1, yaani uongozi wa baraza la kijiji. Kwa miaka 17 waliokuwapo waliendelea kushika muhuri, na muda wote huo amri hazikukoma.

Zikishavuka hapo, zipimwe kwa Katiba. Ibara ya 28(12) inasema mtu hatiwi hatiani kwa kosa la jinai ambalo sheria haijalieleza na kulitajia adhabu. Mimi naipenda ibara hiyo kuliko nyingi zinazoimbwa kwenye kampeni. "Utatoa kitu kidogo" si adhabu. Ibara ya 33 nayo inakataza mila zinazomvunjia mwanamke heshima, kwa hiyo ile kawaida ya mjane kukalishwa kimya shamba la marehemu linapogawanywa isipenyezwe humo kwa jina la utamaduni.

Kuhusu mpangilio, nisingefuata tarehe. Ningepanga kwa jambo: mifugo, visima na vyoo, pombe na kelele za usiku, mipaka na njia, kazi za bulungi bwansi, yaani zile za pamoja kwa faida ya wote. Kila sheria iandikwe na siku iliyopitishwa na faini yake. Ikibadilishwa, ya zamani ipigwe mstari lakini iendelee kusomeka, maana kesi ya leo yaweza kuwa ya kosa la mwaka juzi. Na tusinakili namba za sheria za nchi kutoka karatasi kuukuu: tangu toleo jipya la sheria za Uganda lianze kutumika tarehe 1 Julai 2024, Sheria ya Serikali za Mitaa, iliyokuwa Sura ya 243, sasa ni Sura ya 138.

Wazee wananiambia maandishi yataua maelewano. Sioni hivyo. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 bado inairuhusu mahakama ya kijiji kuamuru watu wapatane, waombane radhi au walipane fidia. Asiyeridhika anakata rufaa LC2, ngazi ya parishi, kisha LC3, ngazi ya kata ndogo. Sasa niambieni, watu wa LC2 watapimaje hukumu iliyotolewa kwa sheria wasiyowahi kuiona?

Kwa hiyo nakala ziwe nne. Moja kwa katibu, moja LC2, moja LC3. Ya nne akae nayo mama mmoja asiye wa kamati, awe na ruhusa ya kumsomea yeyote atakayepiga hodi, kwa Kisamia, Kiteso au Kiswahili, bila kumtoza hata shilingi.